PLAGI ZA GARI KATIKA INJINI YA NDEGE: NANI ATATIA SAHIHI?



Swali moja limeulizwa mara nyingi na mafundi wetu wanaofanya kazi katika mabanda ya ndege ndogo, nasi tumeona yafaa kulijibu hapa mbele ya wote kuliko kunong'onezana pembeni. Swali lenyewe ni hili: mwenye ndege akileta plagi za gari katika mfuko, akamwambia fundi azifunge katika injini ya eropleni, fundi afanye nini?

Twajua wako watakaocheka. Dereva wa lori atasema plagi ni plagi: inatoa cheche, petroli inawaka, gari linakwenda. Twawaomba ndugu zetu wa magari wasiupite ukurasa huu. Wao ndio wanaoijua plagi kuliko watu wote, na jambo lenyewe si la plagi peke yake.

Kwanza tumpe mwenye ndege haki yake, maana si kila asemalo tajiri ni uwongo. Injini ndogo ya silinda 4, kama zile za Continental na Lycoming ambazo zimejaa pale Wilson, ina plagi 2 kwa kila silinda, jumla 8. Plagi moja ya ndege ya namna ya kawaida huuzwa kwa makumi ya dola za Marekani, na ile ya waya mwembamba wa iridiamu hupita dola 100. Plagi ya gari hupatikana kwa dola chache tu. Kwa bei ya plagi moja ya ndege mtu aweza kununua karibu seti nzima ya zile za gari. Mtu yeyote mwenye akili atajiuliza kwa nini.

Tena injini nyingi za namna hii zinachafua plagi upesi, na hilo nalo si kosa la mwenye ndege. Nyingi katika injini ndogo za zamani zilitengenezwa kwa ajili ya petroli ya ndege iliyoitwa 80, ambayo madini ya risasi ndani yake hayakuruhusiwa kupita gramu 0.14 kwa lita. Petroli hiyo imetoweka sokoni. Iliyobaki ni 100LL, na kiasi chake chaweza kufika gramu 0.56 kwa lita. Zile herufi LL maana yake ni kwamba risasi ni kidogo, na kweli ni kidogo ukilinganisha na petroli ya 100 iliyoitangulia. Lakini kwa injini iliyozaliwa na ile ya 80 ni mara nne. Risasi hiyo hutulia katika plagi za chini ikawa vishanga vidogo vigumu kati ya elektrodi, cheche ikapotea, injini ikatetemeka, na rubani akarudi bandani kulalamika. Fundi husafisha, baada ya safari chache mambo ni yale yale. Hapo ndipo mwenye ndege anapofikiria plagi za kutupa.

Sasa tuangalie kinachotokea mtu akizifunga hivi hivi.

Plagi ya ndege ina thredi ya milimita 18. Plagi nyingi za gari ni milimita 14, kwa hivyo haziwezi kuingia bila adapta. Lakini iko plagi moja tunayoiogopa zaidi ya hizo zote, nayo ni ya trekta kuukuu. Hiyo nayo ni milimita 18. Inaingia kwa vidole, inakaa vizuri, inapendeza machoni kama iliyozaliwa pale. Kijana mwanafunzi ataona imeingia naye ataamini imefaa.

Ncha ya plagi sharti iwe na moto wa kutosha kuunguza uchafu wake yenyewe, tuseme digrii 450 za Selsiasi au zaidi, lakini isipite sana 850. Ikipita hapo inakuwa kaa la moto, na petroli huwashwa na lile kaa kabla cheche haijafika, wakati pistoni bado inapanda. Plagi ya trekta imekusudiwa injini inayopozwa kwa maji. Injini ya eropleni hupozwa kwa upepo, na Lycoming wanaruhusu kichwa cha silinda kifike digrii 260. Tena haifanyi kazi kama gari la mjini, kukanyaga na kuachia. Hukaa katika nguvu ya asilimia 75 kwa masaa. Plagi ya moto mbaya katika injini kama hiyo yaweza kutoboa pistoni kwa dakika, si kwa siku. Lori likitoboka pistoni katika mteremko wa Mai Mahiu dereva huegesha kando, akaweka majani barabarani, akapiga simu. Eropleni haina kando ya barabara.

Liko jambo la nafasi ya cheche. Plagi ya ndege hupimwa inchi 0.016 mpaka 0.021, yaani karibu nusu milimita. Plagi ya gari hutoka katika boksi lake ikiwa na nafasi kubwa zaidi, mara nyingi kati ya milimita 0.7 na 1.1. Magineto haina nguvu ya koili za gari la siku hizi. Ukiipa nafasi pana inajikaza, na umeme ukishindwa kuruka katika plagi hutafuta njia nyingine ndani ya magineto yenyewe, ukaunguza koili. Hapo mwenye ndege aliyeokoa bei ya plagi atanunua magineto.

Urefu wa thredi nao unaua. Ikiwa ndefu kupita kiasi, pistoni yaweza kuigonga, au zile thredi zilizochungulia ndani zinakuwa kaa la pili. Ikiwa fupi, masizi hujaa katika thredi za kichwa na siku ya kufunga plagi ya haki haiingii.

Halafu kuna kimo. Kichwa cha plagi ya ndege kimefunikwa chote kwa chuma, na waya wake hukazwa kwa nati. Plagi ya gari ni kauri nyeupe iliyo uchi, na kofia ya mpira iliyosukumwa kwa mkono. Hewa nyepesi ya juu haizuii umeme kama hewa nzito ya Mombasa. Uwanja wa Wilson wenyewe uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hapo ndege haijaondoka bado. Cheche yaweza kutambaa nje ya kauri badala ya kuruka ndani ya silinda. Kile chuma kina kazi nyingine pia, ambayo ni kuzuia kelele za umeme zisiingie katika redio. Ndege ndogo za miaka ya 1930 na 1940 ziliruka na plagi zilizo wazi, ndiyo, lakini nyingi hazikuwa na redio. Rubani wa leo akisikia mikwaruzo badala ya sauti ya mnara, hilo si jambo dogo.

La kuudhi ni kwamba kipimo cha ardhini chaweza kudanganya. Kila fundi anajua kile kipimo cha kuzima magineto moja moja kabla ya kuruka: Lycoming wanataka mizunguko isishuke zaidi ya 175 kwa dakika, na tofauti baina ya magineto mbili isipite 50. Plagi mpya za gari zaweza kupita mtihani huo kwa maksi nzuri kuliko zile chafu zilizotolewa. Mwenye ndege atapiga makofi. Joto lenyewe litakuja baadaye, ndege ikipanda na mzigo.

Je, basi, plagi ya gari ni haramu katika ndege? La. Hatukusema hivyo, wala hatutaki kuwaletea wanachama hadithi za kutisha watoto. Austria hutengenezwa injini iitwayo Rotax 912, tangu 1989, nayo hutumia plagi za NGK ambazo ukiziweka mezani pamoja na za pikipiki hutaona tofauti. Injini hiyo ina hati zake kamili na huruka katika nchi nyingi. Sababu ni kwamba wenye kuitengeneza waliipanga tangu mwanzo kwa plagi hizo: umeme wake, kupoza kwake, thredi zake, vyote vilipimwa pamoja.

Na huko Marekani wako watu wanaojijengea ndege zao wenyewe nyumbani, ambao wamezitumia plagi za gari katika injini za Lycoming na Continental kwa miaka mingi. Lakini angalieni wanachofanya. Hawabadilishi plagi; wanabadilisha mtambo mzima wa cheche. Wanaondoa magineto moja, au zote mbili, wakaweka mtambo wa elektroniki, koili zenye nguvu, waya za kuzuia kelele, adapta za kutoka milimita 18 kwenda 14, na plagi za namna ya baridi zilizochaguliwa kwa injini ile. Ndipo wanapoweza kufungua nafasi ya cheche karibu milimita 0.8 au 0.9. Injini huwaka upesi asubuhi, na juu angani hula petroli kidogo zaidi kwa sababu mtambo wajua kubadili wakati wa cheche. Faida hizo ni za kweli.

Hata hivyo mtambo wa elektroniki hutaka umeme. Magineto hujitengenezea umeme wake yenyewe, na betri ikifa injini haina habari. Kwa hivyo wengine huacha magineto moja mahali pake, wengine huweka betri ya pili, na uko mtambo wenye jenereta yake ndani. Adapta nazo zina vituko vyao. Fundi akifungua plagi, pengine adapta yote inatoka nayo, na pengine inang'oa thredi za kichwa cha alumini. Mtu anayefanya kazi hii kwa ndege yake mwenyewe, kwa mikono yake mwenyewe, akiwa yeye ndiye atakayekaa ndani yake, amejichagulia hatari yake.

Sisi hatuzungumzi habari za mtu huyo. Twazungumza habari za ndege iliyo na hati ya kuruka, inayobeba watalii kwenda Mara, wagonjwa kutoka Kaskazini, na marobota ya miraa. Katika ndege ya namna hiyo kifaa chochote cha injini sharti kiwe kimekubaliwa katika karatasi za injini ile. Kukibadili kunataka kibali, na kibali hutoka kwa Mamlaka ya Usafiri wa Ndege ya Kenya, iliyoanzishwa 2002. Hakitoki katika mdomo wa mwenye ndege, wala kwa rubani aliyeona jambo fulani kwa rafiki yake.

Hapa ndipo tunapofika kwenye neno lenyewe, yaani sahihi. Leseni ya fundi imeandikwa jina la fundi. Haikuandikwa jina la kampuni. Fundi anapotia sahihi katika kitabu cha injini anasema kwamba kazi imefanywa kwa kanuni na vifaa ni vya haki. Mwenye ndege aliyesema kwa simu, "Funga tu, za kweli nitaleta mwezi ujao," jina lake halimo katika kitabu. Ikitokea ajali, watu wa bima watasoma kitabu, wakaguzi watasoma kitabu, na yule bwana atasema hakujua lolote, yeye si fundi. Dola chache alizookoa zilikuwa zake. Leseni iliyopotea ni ya ndugu yetu, na pengine na jela pia.

Kwa hivyo shauri letu ni fupi. Fundi aombe amri kwa maandishi: nani ameagiza, namba ya kifaa ni ipi, kibali kiko wapi. Aombe kwa adabu, bila kelele. Mtu akikataa kuandika, amekwisha kujibu.

Nasi tusifichane, ndugu. Wako wenzetu wenye leseni ambao hutia sahihi kazi wasiyoiona. Kijana asiye na leseni hufunga plagi usiku, asubuhi mwenye leseni anapita na kalamu. Mtu huyo hawezi kuja ofisini kwetu baadaye akasema tajiri alimwonea. Tutamsikiliza, maana ni mwanachama, lakini hatutajua la kumtetea.

Wengine wanauliza: nikikataa nikafukuzwa je? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mfanya kazi anayeona hatari kubwa amwarifu mkubwa wake, na yamkataza tajiri kumlazimisha arudi penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Sheria ya Kazi ya mwaka huo huo yasema kwamba kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa la kazi, tajiri sharti amweleze sababu na amsikilize, naye mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama pale pale. Tumieni haki hiyo. Msiingie ofisini peke yenu, na msitie sahihi barua ya kujiuzulu mliyoandikiwa na mtu mwingine.

Sasa tuna jambo la pili, ambalo halikuulizwa na mtu, nasi twaona ni kubwa kuliko la kwanza. Ni lile la risasi yenyewe.

Dawa ya risasi ya kutia katika petroli iligunduliwa Marekani 1921 na Thomas Midgley, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya General Motors. Oktoba 1924, katika kiwanda cha Bayway huko New Jersey kilichokuwa kikiitengeneza, wafanya kazi 5 walikufa kwa sumu yake baada ya kupatwa na wazimu, na wengine zaidi ya 30 walipelekwa hospitali. Miji kadha ilikataza petroli hiyo kwa muda. Kufika 1926 ilikwisha rudi sokoni, ikaenea dunia nzima. Kenya iliacha kuitumia katika magari mwanzoni mwa 2006. Agosti 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako hapa Gigiri, lilitangaza kwamba hakuna tena nchi duniani inayouza petroli ya risasi kwa magari. Magazeti yalifurahi, nasi tulifurahi. Lakini tangazo lile lilihusu magari. Ndege ndogo bado zinachoma 100LL.

Na ile risasi inayobaki katika plagi humalizikia mikononi mwa nani? Kwa yule kijana wa bandani anayesafisha plagi. Anakwangua vishanga kwa sindano, anazipiga kwa mashine ya mchanga, anazipuliza kwa mpira wa upepo, vumbi likipaa mbele ya pua yake, halafu anapangusa mikono katika ovaroli akachukua chai na mandazi. Jioni ovaroli inakwenda nyumbani ikafuliwa pamoja na nguo za watoto. Risasi huharibu damu, mafigo na mishipa ya fahamu, na kwa mtoto mdogo huharibu akili inayokua. Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiasi kinachojulikana kuwa ni salama. Chembe za kijana huyu hazionekani katika hesabu ya mwenye ndege, ijapokuwa bei ya plagi inaonekana mpaka senti ya mwisho.

Mtaona basi jambo la ajabu kidogo. Plagi ya gari hutupwa, haisafishwi kwa mchanga. Mwenye ndege akipita mlango wa mbele, akanunua mtambo kamili uliokubaliwa kwa injini yake, akapata kibali, akawafundisha mafundi, sisi ndio wa kwanza kushangilia, maana vumbi litapungua. Tunachokataa ni kupita mlango wa nyuma na sahihi ya mtu mwingine.

Kabla ya siku hiyo zipo njia za kupunguza gharama ambazo hazihitaji ruhusa ya mtu. Plagi zihamishwe kwa mpango kila zinapofunguliwa, za chini ziende juu na kubadilishana silinda, ili zilike sawasawa. Zipimwe ukinzani kwa mita. Iliyopita omu 5,000 iondolewe, na haina haja ya kuisafisha kwanza. Iliyoanguka sakafuni isifungwe, hata kama kauri yake haionyeshi ufa. Zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu na washa mpya ya shaba, si kwa kukisia. Na marubani waambiwe, kwa heshima, wasiiache injini ikinguruma polepole ardhini kwa muda mrefu petroli ikiwa nyingi kuliko hewa, maana risasi hutulia hasa plagi ikiwa baridi. Rubani akilifuata hilo ataokoa plagi nyingi kuliko anazoweza kununua dukani.

Kamati imekwisha kuandika barua kwa wenye mabanda kuomba mambo haya: sanduku lililofungwa la kupigia plagi mchanga, lenye kufyonza vumbi, mask za haki, si za kitambaa, glavu, sabuni na maji karibu na meza ya kazi, mahali mbali pa kunywea chai, ovaroli zifuliwe kazini, na kila mwenye kusafisha plagi apimwe damu kwa ajili ya risasi kwa gharama ya tajiri. Wawili wamejibu kwamba watafikiri. Wengine hawajajibu.

Wajumbe wa kila banda waandike ni kifaa gani katika hivyo kipo na kipi hakipo, pamoja na idadi ya watu wanaosafisha plagi, bila kutaja majina yao, walete kwa katibu kabla ya mkutano wa tawi wa mwezi ujao. Fomu ya kuomba amri kwa maandishi imepigwa chapa na iko ofisini. Kila fundi achukue nakala mbili, moja ya mkubwa wake na moja ya kuweka nyumbani.